Umeinyoosha kwa Kipi?

Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa tano, nilibana ubao wa mninga kwenye jiliwa, nikausimamisha mwenzake juu yake, ukingo kwa ukingo, kama afanyavyo kila mtu anayetaka kuunga uso wa meza, kisha nikainama hadi jicho langu likawa usawa na kiungo. Nyuma ya mbao hizo palikuwa na dirisha linalotazama mashariki. Katikati, mbao zilikuwa zimeshikana kiasi kwamba hata unywele usingepita. Kwenye ncha zote mbili palikuwa na mwanga.

Nikausukuma ubao wa juu kwa kidole kimoja. Ukazunguka taratibu, kulia na kushoto, kama mshale wa dira.

Mtu asiyeunga mbao anaweza kuona kwamba hilo ni jambo dogo, na kweli kibano chenye nguvu kingeweza kuzifunga zile ncha mpaka gundi ikauke. Lakini mninga uliofungwa kwa nguvu hausahau. Msimu ukibadilika, kiungo hufunguka palepale kilipolazimishwa. Zaidi ya hayo, kilichoniuma si ubao. Kilichoniuma ni kwamba siku chache kabla nilikuwa nimetumia saa nne kusawazisha soli, yaani uso wa chini, ya randa yangu, chombo cha kulainishia na kunyooshea mbao, nikiwa na hakika kwamba kazi hiyo ndiyo ingeniondolea tatizo hili, na sasa tatizo lilikuwa pale pale, tena likinikodolea macho.

Randa ya Gerezani

Randa yenyewe niliinunua Gerezani, Kariakoo, kwenye meza ya vyuma vya mtumba, katikati ya spana na bomba kuukuu. Ni randa ya chuma namba 5, yenye urefu wa karibu sentimita 35, ya umbo lile ambalo Mmarekani Leonard Bailey alilibuni karne ya 19 na ambalo kampuni ya Stanley ilinunua haki zake mwaka 1869. Tangu hapo viwanda vingi vimeliiga, na jina la kiwanda kilichoitengeneza hii yangu lilikuwa limeliwa na kutu zamani. Mkono wake ulikuwa umepasuka. Kisu kilikuwa bado kirefu. Nililipa bila kubishana sana, jambo ambalo mke wangu hunikumbusha.

Nilikinoa kisu mpaka kikanyoa malaika ya mkononi, lakini randa haikukata nilivyotaka. Nikikitoa kisu kidogo, randa iliteleza juu ya mbao bila kugusa kitu. Nikikitoa zaidi kwa robo mzunguko, ilinyofoa magamba mazito kama ya kigogo. Kati ya kutokata na kunyofoa hapakuwa na kitu, wakati randa nzuri inaishi hapo hapo katikati.

Jirani yangu ni fundi magari. Nilimwazima chuma chake kilichonyooka, kile anachokilaza juu ya silinda hedi kuangalia kama imepinda, pamoja na fila geji, yaani majani membamba ya chuma ya kupimia upana wa nafasi, nikaigeuza randa juu chini na kupima. Pua na kisigino, yaani ncha ya mbele na ya nyuma, vilikigusa kile chuma. Mbele kidogo ya mdomo, yaani upenyo ambamo kisu hutokeza, jani la milimita 0.15 lilipita bila kukwama.

Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuwa na mbonyeo. Mbao hukatwa vizuri pale ambapo soli inaukandamiza uzi wake, yaani nyuzi za mti, hatua moja kabla ya kisu kufika; pasipokandamizwa, kisu huunyanyua uzi kabla ya kuukata, nao uzi huchanika kuelekea chini, ndani ya mbao, hasa kwa mninga, ambao uzi wake hulala upande huu kwa vidole vinne kisha ukageukia upande wa pili. Hivyo nilikuwa na sababu nzuri ya kufanya nilichofanya. Nasema hivi kwa sababu baadaye nilijilaumu kwa mengi, na ningependa hili lisiwe mojawapo.

Saa nne juu ya kioo

Njia inayojulikana ni hii: unatafuta kioo kinene, unakibandikia msasa, unaisugua soli juu yake mpaka iwe sawa. Kioo kinaaminiwa kwa sababu ya jinsi kinavyotengenezwa siku hizi. Tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza njia yake mpya mwaka 1959, kioo cha dirisha hutengenezwa kwa kumiminwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kikaelea humo na kupoa taratibu, na kitu kinachoelea juu ya kimiminika kilichotulia hupata uso uliotandazika ambao mkono wa fundi ungeupata kwa shida sana. Nilivutiwa sana na habari hiyo. Pengine nilivutiwa kupita kiasi.

Nilinunua kipande cha kioo cha milimita 6, chenye urefu wa mita moja, kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Nikakilaza juu ya meza yangu ya kazi, nikabandika msasa wa kitambaa unaouzwa kwa mita, namba 80, nikachora mistari ya kalamu ya wino mzito kukatisha soli nzima. Kisu nilikiacha ndani ya randa, kimerudishwa juu ili kisiguse, na kibano chake kimekazwa kama wakati wa kazi, kwa sababu chuma cha kusubu, pamoja na ugumu wake wote, hupinda kidogo kinapobanwa; nilipolijaribu hilo kwa fila geji, jani la milimita 0.05 lilikwama nilipolegeza skrubu na likapita nilipoikaza.

Kisha nikasugua.

Mara ya kwanza nilitumia maji, na asubuhi yake soli ilikuwa imeota kutu ya rangi ya chungwa, kama unavyoweza kutarajia katika hewa ya Dar es Salaam. Nikahamia kwenye mafuta ya taa. Tope jeusi lilinijaa kwenye mistari ya viganja hata nikaona haya kumpa mtu mkono siku ya Jumatatu. Mistari ya wino ilianza kufutika puani, halafu kisiginoni, halafu pembeni, na mwisho, baada ya kubadilisha msasa mara tano, ule mstari wa mbele ya mdomo nao ukafutika. Niliichora mistari upya na kusugua mara kumi tu. Yote ikaondoka kwa pamoja.

Sijui kama nilipiga kelele, lakini mtoto alikuja kuangalia kuna nini.

Swali

Baada ya mwanga ule wa Jumamosi niliifunga randa kwenye gazeti, nikaipeleka Keko kwa mzee mmoja anayetengeneza viti, ambaye tangu nianze ufundi huu wa mwisho wa wiki amekuwa akinivumilia. Nilimwamkia, akaniitikia bila kuinua macho kwenye kazi yake, na nilipoifungua randa akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama soli inayong'aa, akapitisha kidole gumba kutoka puani hadi kisiginoni.

"Umeisugua sana, mwanangu."

"Ndiyo, Mzee. Saa nne."

"Umeinyoosha kwa kipi?"

Nikamwambia, kwa kioo.

"Na kioo umekinyoosha kwa kipi?"

Nikaanza kumweleza habari za bati lililoyeyuka. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akanirudishia randa, akaendelea na kiti chake.

Wiki tatu nilitembea na swali lile. Kazini, mbele ya kompyuta, nilijikuta nikitazama ukingo wa meza na kujiuliza ulinyooshwa kwa kipi, na hicho kilichounyoosha kilinyooshwa kwa kipi, na kadhalika mpaka mahali ambapo lazima alikuwapo mtu asiyekuwa na kitu chochote kilichonyooka mkononi.

Shaka ya kwanza: pengine si lazima

Kabla sijafika huko, nilijaribu njia rahisi zaidi, yaani kujiambia kwamba soli iliyonyooka ni anasa. Ushahidi ulikuwa mbele yangu. Randa anayoitumia yule mzee ni ya mbao, aliichonga mwenyewe kwa mkongo, na soli yake, kwa jicho la mtu aliyetoka kupima kwa fila geji, ni aibu tupu: ina michirizi, ina kovu, na kwenye kisigino imelika upande mmoja. Bado viungo vyake havipitishi mwanga.

Wajapani nao walinichanganya. Randa yao ya asili, kanna, ambayo huvutwa badala ya kusukumwa, ina kitako cha mbao ambacho fundi hukikwangua kwa makusudi ili kisiguse mbao kila mahali. Hubakiza mistari miwili au mitatu tu, mmojawapo ukiwa mbele kabisa ya mdomo, na kwingine kote huacha mbonyeo mwembamba kama unene wa karatasi. Na kwa randa ya namna hiyo huchukuliwa maranda yanayopitisha mwanga.

Kwa hiyo kwa siku kadhaa nilitembea na faraja hii: soli haihitaji kunyooka, basi kosa si langu wala la kioo.

Faraja hiyo ilivunjika nilipomtazama mzee kazini kwa makini zaidi kuliko nilivyozoea. Kabla ya kuunga, aliigeuza randa yake, akalaza pembeni yake kipande cha ubao chenye ukingo mweupe uliotunzwa, akakitazama dhidi ya jua, akakwangua kidogo mbele ya mdomo kwa kipande cha chupa, akatazama tena. Yote hayo hayakuchukua hata dakika mbili. Makovu yake yalikuwa mahali ambapo makovu hayana madhara. Puani, mbele ya mdomo na kisiginoni, palikuwa sawa kama maji mtungini. Wajapani wanafanya lilelile: wanaacha mabonde wanayoyataka wenyewe, huku vilele vyote vikiwa kwenye usawa mmoja.

Soli yangu ilikuwa kinyume. Ilikuwa nzuri kila mahali kwa jicho, na vilele vyake havikuwa usawa mmoja.

Sahani tatu

Yule mtu asiyekuwa na kitu kilichonyooka nilimpata karne ya 19, Uingereza. Mwaka 1840, mjini Glasgow, fundi mashine Joseph Whitworth, ambaye ujanani alifanya kazi London katika karakana ya Henry Maudslay, aliieleza hadhara ya wanasayansi namna ya kupata uso bapa wa chuma bila kuazima ubapa kutoka popote.

Unachukua sahani tatu za chuma. Ukizilinganisha mbili tu, kwa kuipaka moja rangi nyembamba na kuigusisha nyingine, kisha ukaondoa kila mahali palipochafuka, mwishowe zitakubaliana kabisa. Lakini zinaweza kukubaliana kama bakuli na mpira, moja ikiwa na mbenuko na nyingine na mbonyeo. Ndiyo maana inahitajika ya tatu. Ya kwanza ikikubaliana na ya pili, ya pili na ya tatu, na ya tatu na ya kwanza, hapo hakuna tena pa kujificha, kwa kuwa mibenuko miwili haiwezi kukaa pamoja, na mibonyeo miwili nayo haiwezi.

Niliposoma hayo nilikuwa kwenye daladala, nimesimama, na nikapitiliza kituo.

Randa yangu na kioo changu vilikuwa sahani mbili.

Whitworth alisema pia jambo la pili, ambalo kwangu lilikuwa zito zaidi. Alipinga desturi ya siku zile ya kumalizia nyuso kwa kuzisugua pamoja na unga wa kusagia, akitaka mafundi watumie kikwangulio cha mkono badala yake, kwa sababu unga huo hauongozeki: unakula pote unapofika, hata mahali ambapo hapakutakiwa kuliwa. Msasa ni hivyohivyo. Punje zilizo mwanzoni mwa mwendo hukutana na pua ya randa kwanza, na ukisugua saa nne, pua na kisigino na kingo huliwa zaidi ya katikati, hata kama kioo chako kilitoka peponi.

Kushuka ngazi moja moja

Nilianza kupima kila kitu, kutoka juu kwenda chini. Rula yangu ya alumini ya mita moja niliilaza kwenye plaiwudi nyeupe, nikachora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri, nikaipindua rula ili ukingo uleule ulale juu ya mstari ule kutoka upande wa pili, nikachora tena. Kama rula imenyooka, mistari inakuwa mmoja. Yangu ilitoa umbo la jani la mwarobaini, jembamba mno, lakini jani. Njia hii ni ya kikatili kwa uzuri wake: kosa la rula linaonekana mara mbili ya ukubwa wake, na huhitaji kuamini kitu chochote isipokuwa penseli. Chuma cha fundi magari nilikipima vivyo hivyo. Mstari mmoja.

Nikakilaza chuma hicho juu ya soli yangu. Kilicheza. Mdomoni kiligusa, na puani jani la milimita 0.10 lilipita. Saa nne zilikuwa zimeondoa mbonyeo na kunijengea mbenuko, na randa yenye mbenuko hubingirika kidogo inapoingia kwenye ubao na inapotoka, ikizila ncha. Mwanga wa dirisha ulikuwa umenieleza hilo tangu Jumamosi ile.

Halafu nikakilaza juu ya kioo, palepale kilipokuwa mezani, nikakibonyeza kioo katikati kwa kiganja, kwa nguvu ileile ya kusugulia. Jani la milimita 0.20 lilipita chini ya chuma. Nikakitoa kioo, nikapima meza.

Meza yangu ina bonde katikati, mahali ninapogongea nyundo kila siku, kidogo kiasi kwamba sikuwahi kuliona. Kioo kilichozaliwa juu ya bati kilikuwa kimejilaza kwenye bonde hilo kama godoro, na soli ya randa ikachukua sura ya kioo. Kumbe niliinyoosha randa yangu kwa nyundo yangu mwenyewe.

Masizi

Kazi ya pili ilichukua jioni tano. Nilipata kipande cha graniti, mabaki ya meza ya jikoni, chenye unene wa sentimita 3, kutoka kwa wakata mawe. Nilikipima kwa chuma, kwa urefu, kwa upana na kona kwa kona, na sehemu ya mwisho nikaikataa kwa kuwa ilikuwa imeshuka karibu na ukingo. Nikakiweka juu ya vipande vitatu vya mpira, kwa sababu ileile inayofanya mafiga yawe matatu: kitu kilichokaa juu ya vitatu hakiyumbi na hakilazimishwi kupinda.

Masizi ya koroboi niliyachanganya na tone la mafuta, nikayapaka juu ya jiwe kwa kitambaa, nikafuta mpaka kikabaki kivuli tu. Nikaitelezesha randa mara moja, nikaigeuza. Katikati ya soli, nyuma kidogo ya mdomo, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa yai. Pua na kisigino vilikuwa safi.

Nilichukua tupa kuukuu, nikainoa ncha yake mpaka ikawa kikwangulio, nikakwangua lile doa peke yake. Nikafuta, nikapaka, nikatelezesha, nikageuza. Doa lilikuwa limepanuka. Jioni ya kwanza mkono wangu ulikuwa mzito na niliacha mikwaruzo ambayo bado ipo; jioni ya tatu nilianza kuihisi tofauti kati ya kukwangua chuma na kukichuna. Siku ya nne masizi yalifika kisiginoni, upande wa kushoto. Mzunguko wa 37 ulikuwa wa mwisho. Masizi yaligusa pua, yakagusa mkanda mzima mbele ya mdomo, yakagusa kisigino, na kati yao palibaki visiwa na mabonde niliyoamua kuyaacha. Jani la milimita 0.05 halikuingia popote palipotakiwa pasiingie. Nikamalizia kwa kuipitisha mara sita juu ya msasa namba 220 uliolazwa kwenye jiwe, kuondoa tu makali ya mikwaruzo, na mkono ulikuwa ukiniwasha niendelee.

Kwa macho, soli hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Ina mabaka kama ngozi ya kenge.

Nilibana ubao wa mninga kwenye jiliwa, nikatoa kisu kidogo, nikapita. Hakuna kilichotoka. Nikalizungusha kidogo gurudumu la kutolea kisu kwa kidole kimoja, nikapita tena, na kutoka mdomoni ukatoka utepe mrefu wa rangi ya asali, mwembamba kiasi kwamba niliposhusha pumzi ukahama. Nilifanya hivyo kwa mbao zote mbili, nikazisimamisha, nikainama. Dirisha lilikuwa limejaa jua.

Jumapili nilimpelekea mzee randa pamoja na kipande cha kiungo kilichokwisha kukauka. Kiungo alikitazama, akakirudisha. Randa aliigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mabaka, puani, mdomoni, kisiginoni, na safari hii hakuuliza kitu. Baada ya muda akasema:

"Kile kioo bado unacho?"

Nikamwambia ninacho, kimesimama nyuma ya mlango.

"Niletee."

Nilimpelekea wiki iliyofuata. Alikifunga kwenye gunia, akakigonga kwa nyundo mara mbili, akachagua vipande vyenye ukingo mzuri, akanipa kimoja, akakaa kwenye kigoda chake na kuanza kukwangulia miguu ya kiti.